Saboso Ina Kwao

Puge iko katikati ya safari. Kutoka Nzega kuja hapa ni karibu kilomita 60, na kutoka hapa kwenda Tabora mjini ni kiasi kama hicho hicho. Mabasi ya Mwanza husimama kidogo, abiria wananyoosha miguu, wengine wanashuka kushika njia ya Ndala na Ziba, halafu gari linaondoka. Nchi hii yote ya Unyamwezi imezoea kupitwa na watu, na watu wake wenyewe wamezoea kuondoka. Mtu asipoelewa hilo hataelewa muziki wake.

Kabla ya lami na kabla ya reli, njia zilikuwa za miguu. Mnyamwezi alijitwisha pembe za ndovu hadi Bagamoyo, akarudi na vitambaa, shanga na waya wa shaba. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na safari ya kutoka Tabora hadi pwani ilichukua miezi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, na huyo hakuwa kiongozi wa njia peke yake. Ndiye aliyeanzisha nyimbo, wengine wakaitikia, hatua zikalingana na mzigo ukapungua ukali. Richard Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya wakati ule, mwezi Novemba 1857, aliandika juu ya uimbaji wa wapagazi. Mwaka uliofuata mwenzake John Speke alitoka Kazeh akaelekea kaskazini kulitafuta ziwa, kwa upande huu huu wa nchi ambao leo una nguzo za umeme na vibao vya mwendo.

Naanza na wapagazi kwa sababu nataka kudai jambo ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha: muziki wa dansi wa zamani unaotokana na mji wa Tabora na wilaya zake ni muziki wa watu wa safari, una nasaba ndefu, na nasaba hiyo ina kwao. Kwao ni huku. Tunapousikia redioni ukiitwa "zilipendwa", bila jina la mtu wala la mahali, tunapokea kitu kilichokatwa mizizi.

Chukua mfano wa Western Jazz. Ukimwuliza mpenzi wa muziki wa zamani, atakwambia hiyo ni bendi ya Dar es Salaam, na hatakosea. Ilipiga Dar es Salaam, ikatamba Dar es Salaam. Lakini aliyeianzisha mwaka 1959, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega. Jina la bendi lilitokana na Jimbo la Magharibi, jimbo la zama za ukoloni ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Vijana wa magharibi waliokuwa mjini walijikusanya chini ya jina la kwao, kama walivyokuwa wakijikusanya katika vyama vya ngoma na vya kuzikana. Mtindo wao ukaitwa Saboso. Mpiga solo wao, Rashid Hanzuruni, alilichezea gitaa namna ambayo waliomsikia hawajaacha kumtaja hadi leo. "Rosa" na "Vigelegele" zilivuka mpaka zikapendwa Kenya nzima. Kumbe mizizi ya nyimbo hizo iko kilomita 60 kutoka hapa nilipo, na katika safari zangu zote za Nzega sijaona hata kibao kinachomwambia mtoto wa shule habari hiyo.

Tabora mjini kwenyewe palikuwa na moto wake. Kiko Kids walianza katika miaka ya 1950 wakiongozwa na Salum Zahoro, na wimbo wao "Tanganyika na Uhuru" ni sehemu ya kumbukumbu ya taifa hili. Nyanyembe Jazz walitupa "Rangi ya Chungwa". Tabora Jazz walikuja na mtindo wa Segere Matata na "Dada Asha", wimbo usiotenganishwa na jina la Shem Karenga, mwana wa Kigoma aliyeng'arishwa na Tabora, akafariki mwaka 2014. Mji mmoja wa ndani kabisa ya nchi, mbali na bandari na mbali na studio, ulilea bendi tatu za kiwango hicho kwa miongo miwili hivi. Hilo halikutokea kwa bahati.

Sababu kubwa ni reli. Ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Tabora ikawa njia panda ya mabehewa kama ilivyokuwa njia panda ya misafara. Treni iliyotoka Kigoma ilileta watu wa Kongo, na pamoja nao gitaa na santuri za Léopoldville na Elisabethville. Treni iliyotoka Dar es Salaam ilileta santuri za Kikuba, zile ambazo vijana wa miaka ya 1940 na 1950 walizikariri bila kujua maneno yake. Treni hizo hizo zilibeba vijana wa Kinyamwezi na Kisukuma kwenda mashamba ya mkonge kama manamba, na wengi wao walirudi na nguo mpya, baiskeli na ala ya muziki. Tabora walikuwepo pia wafanyakazi wa reli, makarani, walimu na wanafunzi wa shule kongwe, watu wenye mshahara au wenye hamu ya mjini, na hao ndio waliojaza kumbi.

Lakini njia haikuishia Kigoma. Kisa hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara kutoka upande wa magharibi wa nchi hii walifuata shaba hadi Katanga. Mmoja wao, Msiri, hakurudi. Akajenga dola lake na makao yake Bunkeya, na watu wake wakajulikana kama Wayeke. Wabelgiji walimuua mwezi Desemba 1891, lakini kizazi chake kilibaki palepale, na jina la Mwenda likaendelea kutumika katika ukoo wa watawala wake. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodia, alikutana huko Jadotville, leo Likasi, na kijana mpiga gitaa aliyezaliwa Bunkeya. Jina lake lilikuwa Mwenda Jean Bosco, na baadaye alijiandika Mwenda wa Bayeke. Alipiga "Masanga", gitaa moja tu, vidole viwili vikifanya kazi ya watu watatu. Santuri hiyo ilifika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wa kizazi kizima wakakaa chini kuisoma. Bosco mwenyewe aliishi Nairobi kwa muda, na mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani.

Basi tazama mzunguko huo. Watu wa misafara wanaondoka Unyamwezi na mizigo kichwani. Karibu karne moja baadaye mtoto wa kizazi chao anatoa mlio wa gitaa unaorudi Afrika Mashariki kwa santuri, na huko Tabora vijana wananunua magitaa. Sidai kwamba Bosco alikuwa mwanamuziki wa Tabora. Alikuwa wa Katanga na Katanga ina haki yake. Ninachosema ni kwamba njia ya pembe za ndovu ilikuwa pia njia ya nyimbo, na wenyeji wa njia hiyo hawapaswi kujiona wageni katika historia ya gitaa.

Wamarekani wanao muziki wao wa watu wa safari. Tumezoea kuuita kantri, na mapenzi ya Waafrika Mashariki kwa muziki huo ni ya muda mrefu na ya kweli. Nyumbani kwetu, redio ilipokuwa ya betri za National ambazo zikichoka zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu zaidi, sauti ya Jim Reeves ilikuwa ya mwezi wa Desemba. Wazazi hawakujua Kiingereza cha kutosha kufuata kila neno, lakini walijua huyu anaimba kuhusu nyumbani. Nchini Kenya mapenzi hayo ni makubwa zaidi. Yupo hata mwimbaji wao, Elvis Otieno, anayeitwa Sir Elvis, aliyejenga jina lake lote juu ya kantri, na watu hujaa kumsikiliza.

Tena mapenzi hayo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Jimmie Rodgers wa Mississippi alifanya kazi ya breki katika treni kabla kifua kikuu hakijamtoa kazini. Mwaka 1927, katika mji mdogo wa Bristol, alirekodi kwa mara ya kwanza. Familia ya Carter ilirekodi huko huko siku chache tu kabla yake, kwa msimamizi yule yule, Ralph Peer. Miaka sita baadaye Rodgers alikuwa amekufa. Lakini santuri zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya, wakazisikia kwenye gramafoni za kukoroga kwa mkono, wakastaajabu. Tracey alipofika Kapkatet mwaka 1950 alikuta wasichana wakiimba wimbo wao wenyewe kuhusu kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu mnyama, jina lake Chemirocha. Alikuwa Jimmie Rodgers. Mfanyakazi wa reli wa Mississippi alikuwa amegeuzwa kiumbe wa hadithi katika vilima vya Kericho, miaka 17 baada ya kifo chake.

Nadhani najua kwa nini muziki ule uliingia kirahisi. Mada zake ni zetu. Treni inayoondoka na mpenzi, barua isiyojibiwa, mama aliyebaki kijijini, fedha iliyoisha mjini, pombe, dini, aibu ya kurudi mikono mitupu. Mnyamwezi aliyekwenda kukata mkonge Tanga hakuhitaji mkalimani. Hata ala zinafanana. Bill Monroe wa Kentucky, mtu aliyeanzisha mtindo wa bluegrass na kuingia katika kipindi cha redio cha kantri kiitwacho Grand Ole Opry mwaka 1939, aliuongoza muziki wake kwa mandolini. Kiko Kids wa Tabora nao walikuwa na mandolini ndani ya bendi ya dansi, jambo ambalo si la kawaida hata kidogo katika muziki wa nchi hii. Ukizisikiliza rekodi zao za zamani, ule mlio mwembamba unaokwenda mbio juu ya gitaa ndio unaokuambia kabla ya sauti ya mwimbaji kwamba hawa ni watoto wa Tabora.

Wapo wanaosema muziki wa dansi hauwezi kuwa urithi wetu kwa kuwa tuliiga rumba ya Kuba na ya Kongo. Hoja hiyo nimeichoka. Banjo ya kantri asili yake ni Afrika, ilivuka bahari na watu waliofungwa minyororo. Gitaa lao la kuteleza lilitoka Hawaii. Ule uimbaji wa kuvunja sauti ambao Rodgers aliutumia ulikuwa ukiimbwa katika milima ya Alps. Hakuna Mmarekani anayeona haya kuuita wake. Tofauti haipo katika kuazima, ipo katika kutunza.

Na hapa ndipo wivu wangu ulipo, wivu mzuri. Mpenzi wa kawaida wa Jim Reeves atakuambia kwamba "He'll Have to Go" ilirekodiwa Nashville mwaka 1959, kwamba aliyesimamia kazi hiyo ni Chet Atkins na kwamba piano ilipigwa na Floyd Cramer. Atakuambia Reeves alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964 akiwa na miaka 40. Nashville ilianza kuwaingiza wanamuziki katika orodha yake ya heshima mwaka 1961, na mmoja wa watatu wa kwanza alikuwa yule mtu wa breki, Jimmie Rodgers. Mwaka 1967 wakafungua jumba la makumbusho. Mambo haya madogo madogo, tarehe, majina ya wapigaji, rangi ya karatasi ya katikati ya santuri, watu huyaita upuuzi wa mashabiki. Mimi nayaona ndiyo heshima yenyewe. Kumjua aliyepiga kinanda ni kukiri kwamba kulikuwa na mtu pale, mwenye mikono, aliyefanya kazi.

Sasa niulize: nani alipiga besi katika "Rangi ya Chungwa"? Wimbo huo umepigwa katika harusi, mabasi na baa za nchi hii mara zisizohesabika. Mtangazaji anauweka, anasema "enzi hizo", anataja wanaosalimiwa, anauondoa. Ukibahatika atataja bendi. Mpiga besi yule alikuwa na jina, na mama yake alimwita kwa jina hilo.

Najua tulifikaje hapa, na si uvivu peke yake. Redio yetu, iliyoanza kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, ilizirekodi bendi kwa bidii ambayo hatujaishukuru inavyostahili. Lakini ilirekodi kwa ajili ya kurusha hewani. Kanda zilibaki maktaba, hazikugeuzwa santuri za kuuzwa zenye majina ya wapigaji nyuma ya jalada. Bendi iliyotaka santuri ilisafiri hadi Nairobi, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa haraka, na wimbo mmoja ukagawanywa pande mbili za santuri ndogo, sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili yenye mchemko wa magitaa kule. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na njia hiyo ikawa ngumu. Wanamuziki nao hawakumiliki vyombo. Vilikuwa vya mwenye bendi au vya shirika, na mtu akiondoka aliondoka na sauti yake tu.

Matokeo yake ni kwamba leo anayetaka kusikia Western Jazz kwa mpangilio, akiwa na maelezo ya kusoma, hununua mkusanyiko uliotolewa na kampuni ya Sterns ya London. Anayetaka Kiko Kids hutafuta toleo la kampuni ya Dizim ya Ujerumani. Nawashukuru watu hao kwa dhati, wamefanya kazi njema. Lakini inaniuma kwamba mtu wa Nzega anaagiza kutoka Ulaya sauti iliyotoka Nzega.

Nenda Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Liko tembe lililotengenezwa na kuhifadhiwa kwa kumbukumbu ya David Livingstone, aliyekaa hapo kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi. Sina ugomvi na tembe hilo, watoto wapelekwe wakalione. Ila mtu aliyekaa hapo miezi sita ana nyumba ya kumbukumbu, na watu waliopiga muziki Tabora kwa miongo miwili, wakaufanya mji huu ujulikane hadi Mombasa na Bujumbura, hawana hata ukuta mmoja wa picha. Wapagazi waliokuwa wakisubiriwa nao hawana. Mkoa, halmashauri na kanisa, yeyote mwenye chumba kimoja kisichotumika karibu na stesheni ya Tabora anaweza kulirekebisha hilo. Kwa kuanzia hazihitajiki mashine ghali. Yanahitajika magitaa mawili matatu ya zamani, picha zilizomo katika masanduku ya familia, nakala za kanda kwa ruhusa ya wenye haki, na mtu mmoja mwenye subira ya kuandika.

Vituo vya redio vya mkoa huu navyo vina kazi ambayo havihitaji senti kuifanya. Kabla ya wimbo, tajeni bendi, mtunzi, mwimbaji, mpiga solo na mji. Msipojua, waulizeni wasikilizaji hewani. Wapo watakaopiga simu kutoka Urambo, Igunga, Sikonge, na mara nyingi watakaopiga watakuwa wajane na watoto wa wanamuziki hao. Kila Jumamosi ikijibu swali moja tu, mwaka utaisha na majibu 52 ambayo leo hayapo mahali popote yalipoandikwa.

Haraka inahitajika. Kijana aliyekuwa na miaka 20 "Tanganyika na Uhuru" ilipotoka sasa amevuka 80. Wengi wameshazikwa. Waliobaki wanakaa chini ya miembe ya Cheyo, Ng'ambo na Kitete, na wengine vijijini huku ambako walirudi kulima mpunga na karanga baada ya kumbi kufungwa. Simu ya mkononi ya bei ndogo inarekodi sauti vizuri kuliko mashine nyingi za wakati wao. Mwanafunzi akitumwa na mwalimu wa historia kwenda kwa babu yake, asiulize "zamani ilikuwaje", maana swali hilo halina mlango. Amwulize: Babu, mlikuwa mkicheza dansi wapi, na kiingilio kilikuwa shilingi ngapi? Nani alikuwa akipiga solo, na ridhim, na besi, na tumba? Vyombo vilikuwa vya nani? Ulimwona Salum Zahoro kwa macho yako? Alikishika vipi kile kimandolini? Nhende alikuwa wa kijiji gani hapa Nzega, na ndugu zake wako wapi? Halafu anyamaze, aache mashine iendelee kurekodi hata mzee anapotulia kukumbuka, kwa sababu baadhi yao wataanza kuimba.